Uzi: Mchezaji akifilisika akiwa kwenye blaindi, batani inakwenda kwa nani?

#1 Karata_Ntinda
Wakuu, habari za Jumapili. Naomba tulimalize hili hapa, maana jana usiku limetuvunjia mchezo.

Tunacheza poka ya Texas Hold'em nyumbani kwa rafiki, Ntinda. Watu sita, kila mmoja anaanza na chipu sawa, zikikuishia umetoka. Batani yetu, ile alama ya mgawaji inayozunguka meza kila mgao, ni kizibo cha soda kilichopakwa rangi nyeupe. Blaindi, yaani dau za lazima (ndogo na kubwa) ambazo wawili wanaofuata batani huweka kabla ya karata, zilikuwa zimefika 500 na 1,000 (chipu, si shilingi). Aliyekuwa blaindi ndogo akamwaga zote, akafilisika, akasogeza kiti akaenda kukaa kwenye sofa. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mmoja anasema kizibo kiruke kile kiti kiende kwa aliyekuwa blaindi kubwa. Mwingine anasema kiwekwe mbele ya kiti kitupu. Wa tatu anasema aliyekuwa nacho akae nacho mgao mmoja zaidi.

Msimamo wangu: batani ni ya mtu. Kiti hakichezi karata, kwa hiyo hakiwezi kuwa na batani. Semeni.

#2 Mpakani_Busia
Uko sahihi kabisa. Sisi huku batani inakwenda kwa mtu aliye hai anayefuata, wa baada yake anaweka ndogo, wa baada ya huyo anaweka kubwa. Kwisha habari. Mnatafuta ugumu ambao haupo.

#3 Mgawaji_Kla
Nimefanya kazi ya kugawa karata kasino hapa Kampala, na hili swali ni la kila wiki. Kwenye mashindano jibu ni kiti kitupu. Batani inawekwa mbele ya kiti ambacho hakina mtu, na mchezo unaendelea. Ndiyo tunaita batani mfu.

Kosa la watu wengi ni kuanza na batani. Anza na blaindi kubwa. Jiulize: nani zamu yake ya kuweka kubwa? Huyo anaweka, hakuna kukwepa na hakuna kurudia. Ukishampata, rudi nyuma: aliyeweka kubwa mgao uliopita sasa anaweka ndogo, na batani inakaa pale ilipokuwa blaindi ndogo. Kama pale pana mtu, sawa. Kama hapana, inakaa hapo hapo.

Chukua viti vyenu sita. Kiti 1 batani, kiti 2 ndogo, kiti 3 kubwa. Wa kiti 2 katoka. Mgao unaofuata: kiti 4 kubwa, kiti 3 ndogo, batani mbele ya kiti 2 kitupu. Karata zinaanza kugawiwa kiti 3 kama kawaida.

#4 Karata_Ntinda
@Mgawaji_Kla asante. Lakini baada ya flopu (karata tatu za kwanza za mezani) nani anacheza wa mwisho? Kiti 2 hakina mtu.

#5 Mgawaji_Kla
Kiti 1. Anakuwa wa mwisho mara ya pili mfululizo.

#6 Mpakani_Busia
Ahaa! Sasa hiyo ndiyo haki? Mtu anapewa nafasi tamu mara mbili bure, kwa sababu tu jirani yake kafilisika? Kwenye poka kucheza wa mwisho ni mali. Umeona wote wamefanya nini ndipo unaamua. Nyinyi wa kasino mnalinda chipu 500 za blaindi ndogo, mnaachia kitu chenye thamani kubwa zaidi.

#7 Hesabu_Tupu
Ndugu Mpakani, hoja yako ni nzito, ila tuweke kwanza mezani kile ambacho njia yako inagharimu. Kwa mfano huo huo wa kiti 2 kutoka:

Njia yako: batani inaruka hadi kiti 3, kiti 4 anaweka ndogo, kiti 5 anaweka kubwa. Kiti 3 hajaweka ndogo kabisa mzunguko huu, kaokoa 500. Kiti 4 hajaweka kubwa, kaweka ndogo tu. Kiti 5 kavutiwa kubwa mapema kuliko zamu yake. Kutoka kwa mtu mmoja kumebadilisha deni la watu watatu.

Sasa kitu ambacho nadhani hamkukiona jana: yule wa pili na yule wa tatu katika ugomvi wenu wa Ntinda walikuwa wanasema jambo lilelile. Kizibo kikibaki kwa kiti 1, ndogo inakwenda kiti 3 na kubwa kiti 4. Kikiwekwa kwenye kiti kitupu, ndogo kiti 3, kubwa kiti 4. Wa mwisho kucheza ni kiti 1 kote kuwili. Mgao wa baadaye batani inafika kiti 3 kwa njia zote mbili. Kwa hiyo mlikuwa na pande mbili, si tatu.

#8 Dada_Jinja
Hesabu_Tupu umenifungua macho. Swali langu: je, akitoka wa blaindi kubwa badala ya ndogo? Sisi Jinja hapo ndipo hugombana.

#9 Hesabu_Tupu
Hapo ndipo "abaki nayo" na "kiti kitupu" zinapoachana, dada. Mwachie Mgawaji aeleze, anajua utaratibu wenyewe.

#10 Mgawaji_Kla
Dada, viti vilevile. Kiti 3, blaindi kubwa, katoka. Mgao unaofuata: zamu ya kubwa ni kiti 4, anaweka. Ndogo ilitakiwa kuwa kiti 3, hakuna mtu, kwa hiyo hakuna blaindi ndogo mgao huo. Haikusanywi kwa mwingine, haidaiwi. Batani inakwenda kiti 2 aliyekuwa ndogo, na hiyo ni zamu yake halali.

Mgao wa baada ya huo: kubwa kiti 5, ndogo kiti 4, batani kiti 3 kitupu. Kiti 2 anacheza wa mwisho tena.

Akitoka mwenye batani mwenyewe, hakuna shida yoyote, kila kitu kinasogea kawaida. Akitoka mtu mwingine wa pembeni, kiti chake kinarukwa tu zamu ya kubwa inapomfikia. Matatizo yote ya uzi huu yanatoka kwenye viti viwili, ndogo na kubwa.

#11 Mnubi_wa_Bombo
Salaam. Hiyo ya kukosa blaindi ndogo watu wanaipita haraka, lakini inabadilisha mchezo. Poti, yaani chipu za kushindania katikati ya meza, iliyokuwa ianze na 1,500 inaanza na 1,000. Mtu aliyezoea kupandisha dau ili aibe blaindi anahatarisha chipu zilezile kwa zawadi ndogo zaidi. Mimi mgao wa namna hiyo natupa karata ambazo siku nyingine ningepandisha nazo. Meza zenye ante (mchango mdogo wa lazima juu ya blaindi) hazisikii sana, hasa tangu ule mtindo wa blaindi kubwa kulipia ante ya meza nzima uenee miaka ya 2018 hivi. Lakini nyumbani wengi hatuna ante.

Na kwa faida ya wote, sheria ya batani mfu ni ya World Series of Poker, kwa hiyo ni ya Wamarekani na si lazima kwetu.

#12 Dada_Jinja
Kaka Mnubi, hapo pa mwisho si hivyo. World Series ilianza 1970 kule Las Vegas na ina kitabu chake cha sheria. Kanuni tunayoisema iko kwenye sheria za TDA, chama cha wasimamizi wa mashindano, kilichoanzishwa 2001 na Matt Savage, Linda Johnson, Jan Fisher na David Lamb. Walianzisha kwa sababu kila ukumbi ulikuwa na sheria zake na wachezaji wanaosafiri walikuwa wanagombana kila mahali. Kanuni yenyewe ni fupi, inasema tu kwamba mashindano yatatumia batani mfu. Nchi nyingi wanaifuata, si Marekani pekee.

#13 Mnubi_wa_Bombo
Shukrani dada. Hoja ya poti inabaki palepale.

#14 Kijana_Entebbe
Mbona kwenye programu ninayocheza kwenye simu batani haijawahi kukaa kwenye kiti kitupu hata siku moja? Inaruka tu.

#15 Mpakani_Busia
Umeona! Hata kompyuta inakubaliana na Busia.

#16 Mgawaji_Kla
Kompyuta inafanya ilichoamriwa na aliyeiandika. Programu za bure nyingi zinatumia njia rahisi kwa sababu mchezaji mgeni akiona batani kwenye kiti kitupu anadhani programu imekwama. Isitoshe, kuna njia nyingine ya meza za fedha: batani inakwenda kwa mtu hai daima, lakini ili asikwepe mtu kubwa, wakati mwingine watu wawili wanaweka kubwa mgao mmoja. Deni linalindwa, ila poti inavimba. Sijaipenda kamwe kwa mashindano.

#17 Mzigo_wa_Arua
Nimesoma uzi wote, mzuri sana. Hakuna aliyejibu kitu kinachotusumbua sisi ambao hatuna mgawaji wa kuajiriwa. Mwenye batani ndiye anayegawa. Batani ikiwa kwenye kiti kitupu, nani anachanga karata? Sisi tumewahi kukaa dakika nzima tunatazamana.

#18 Karata_Ntinda
Mzigo umegusa hasa! Jana hicho ndicho kilichonifanya niseme kiti hakiwezi kuwa na batani. Kiti hakigawi.

#19 Dada_Jinja
Tenganisheni kazi ya kugawa na alama ya batani. Batani inasema nani anaanza kupata karata na nani anacheza wa mwisho. Mikono ya kugawa inaweza kuwa ya yeyote. Sisi anagawa aliyefilisika wa kwanza. Anapewa kazi, hasinzii kwenye sofa, na mchezo unakwenda mbio kwa sababu hana karata za kuwaza. Usiku mmoja aliyekuwa anagawa aligundua pakiti ina karata hamsini na moja. Ree ya kopa ilikuwa imeteleza chini ya mkeka. Mchezaji mwenye karata mkononi asingeona.

#20 Mzigo_wa_Arua
Hiyo naichukua. Asante nyabo.

#21 Mpakani_Busia
Na kabla hajafilisika mtu wa kwanza?

#22 Dada_Jinja
Kabla hajafilisika mtu hakuna kiti kitupu, kaka yangu wa Busia. 😄

#23 Mzee_Kondo
Vijana, hamjambo. Nimewasoma kwa furaha. Naongeza sababu ambayo sijaiona. Mnasema batani mfu ipo kwa ajili ya haki ya kulipa. Mimi naona ipo kuzuia ujanja. Fikirini meza ya njia rahisi ya Mpakani. Mimi niko kiti 4, kubwa inanijia mgao ujao na chipu zangu zimebaki chache. Nikiona wa kiti 3 yuko hatarini, nina faida ya wazi akitoka sasa hivi: kubwa itaniruka. Nitawasukuma wenzangu wamfuate. Sasa weka marafiki wawili kwenye meza hiyo hiyo na uwape pesa ya kushindania. Kwa batani mfu, awe ametoka au hajatoka, deni langu ni lilelile, kwa hiyo sina sababu ya kumwombea mabaya zaidi ya ile ya kawaida ya mchezo.

Sisi tuliokulia kwenye matatu, ya karata si ya abiria, hatukuwa na tatizo hili, maana wawili tu mnatosha na hakuna wa kuwekewa deni. Saba ya kukatia ikishuka mnahesabu pointi, mnaanza upya.

#24 Kijana_Entebbe
Mzee Kondo shikamoo. Nimewahi kukuona ukicheza matatu Entebbe pale stendi, hakuna aliyekuondoa kwenye benchi mchana kutwa.

#25 Mzee_Kondo
Marahaba mwanangu. Karibu uje ujaribu.

#26 Hesabu_Tupu
Mzee, sababu yako ni nzuri lakini haimalizi. Hata kwenye batani mfu kuna wa kufaidika na jirani kutoka: yule wa kiti 1 anayeongezewa nafasi ya mwisho. Na yeye anaweza kusukuma wamfilisi wa kiti 2. Tumehamisha kishawishi, hatujakiondoa.

#27 Mgawaji_Kla
Tofauti ni kwamba blaindi ni chipu zinazotoka lazima. Nafasi unaweza kupewa na usiitumie, ukapata karata mbovu ukatupa. Mwenye chipu chache hasemi "nipeni nafasi", anasema "msinifikishie kubwa". Nilivyoona mezani, watu hugombania blaindi, hawagombanii nafasi.

#28 Mpakani_Busia
Hawagombanii kwa sababu hawajui thamani yake. Asiyejua dhahabu hukupa bure.

#29 Kijana_Entebbe
Samahani kuchepuka. Hizo kasino za Kampala naweza kwenda kujifunza kwa macho? Nina miaka 22.

#30 Mgawaji_Kla
Hapana mdogo wangu. Sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya 2016 imeweka miaka 25. Mlangoni wanaomba kitambulisho, na mimi naiona ni sheria njema. Cheza kwa chipu tupu na marafiki hadi ufike.

#31 Mzigo_wa_Arua
Turudi. Je, anayechelewa? Kuna jamaa yetu kila mara anakwama kwenye foleni, anafika wakati wawili wameshatoka, anataka kiti kile kitupu chenye batani mfu au jirani yake.

#32 Mgawaji_Kla
Anapokea haki na wajibu wa kiti anachokalia. Akikalia kiti ambacho zamu ya kubwa imefika, anaweka kubwa. Anaweza hata kukuta ni blaindi ndogo au batani. Mahali pamoja tu hapewi karata: kati ya batani na blaindi ndogo. Akikaa hapo anasubiri batani impite. La sivyo mtu angeingia kila mara akiwa nyuma ya blaindi, anakula mzunguko mzima bila kulipa.

Na mkiwa na meza mbili mkalazimika kuhamisha mtu ili kusawazisha, anahamishwa anayefuata kuweka kubwa, na huko anakokwenda anapewa nafasi mbaya kuliko zote, hata kama ni kuweka kubwa mara ya pili. Ila blaindi ndogo haihesabiwi kamwe kuwa nafasi mbaya kuliko zote.

#33 Dada_Jinja
Na mkibaki wawili? Hapo ndipo batani mfu haipo tena, lakini watu wanalazimisha.

#34 Hesabu_Tupu
Wakibaki wawili, mwenye batani ndiye blaindi ndogo. Anaanza kucheza kabla ya flopu, anakuwa wa mwisho baada ya flopu. Kutoka watatu kwenda wawili angalia jambo moja tu: asiweke mtu kubwa mara mbili mfululizo. Ikibidi batani isogezwe, isogezwe.

Mfano: A batani, B ndogo, C kubwa. Akitoka A: C ametoka kuweka kubwa, kwa hiyo sasa kubwa ni B, na C anachukua batani na ndogo. Akitoka B: kubwa ni A, batani na ndogo C. Akitoka C: kubwa ni A, batani na ndogo B.

#35 Karata_Ntinda
Hii ya watatu kwenda wawili naiandika kwenye karatasi naibandika ukutani.

Lakini wakuu, bado sijakubali yote. Kwa mashindano yenye meza nyingi na zawadi kubwa, nimeona mantiki ya kiti kitupu. Kwa watu sita wanaocheza hadi umeme utakapokatika, sioni kwa nini nisitumie ya Mpakani. Kila mtu ataruka blaindi siku moja na kurukwa siku nyingine. Inajisawazisha.

#36 Mnubi_wa_Bombo
Inajisawazisha kwa mwaka, haijisawazishi kwa usiku mmoja. Blaindi zikiwa 500 na mtu ana chipu 40,000, ni kweli hakuna atakayelia. Lakini watu hufilisika mwisho wa mchezo, blaindi zikiwa zimepanda. Mtu mwenye chipu 3,000 na kubwa ni 1,000: kumrukisha ni kumpa theluthi ya uhai wake. Kosa linakuja wakati ambapo ni ghali zaidi.

#37 Mpakani_Busia
Na mimi nawapa hili mlale nalo. Batani mfu, kiti 2 na kiti 3 wote wamefilisika mgao mmoja, kiti 1 kawala wote wawili. Endeleeni na kanuni yenu.

#38 Hesabu_Tupu
Mgao unaofuata: kubwa kiti 4, hakuna ndogo, batani kiti 2 kitupu. Wa baada yake: kubwa kiti 5, ndogo kiti 4, batani kiti 3 kitupu. Ndipo batani inafika kiti 4.

#39 Mpakani_Busia
Na wa mwisho kucheza ni nani migao yote hiyo?

#40 Hesabu_Tupu
Kiti 1. Mara tatu mfululizo, ukihesabu na ule aliowalia.

#41 Mpakani_Busia
Huyo huyo mwenye rundo la chipu za watu wawili. Sina la kuongeza.

#42 Mgawaji_Kla
Na kiti 4 na 5 wamelipa kubwa kila mmoja kwa zamu yake, hakuna aliyerukwa, hakuna aliyerudia. Mimi nitawagawia hivyo kila siku.

#43 Mzigo_wa_Arua
Kwenye meza za fedha, ambako mtu anaondoka na kurudi apendavyo, mnafanyaje? Kwetu blaindi kubwa ikikaribia, mtu hutoka kwenda kununua rolex (chapati ya mayai).

#44 Mgawaji_Kla
Huyo akirudi ana deni la blaindi alizozikosa. Ama anaziweka papo hapo, ama anasubiri kubwa imfikie kwa zamu yake. Wekeni alama mbele ya kiti chake anapoinuka, hata kijiti cha kiberiti, ili msibishane amekosa ipi.

#45 Karata_Ntinda
Jumamosi tunacheza tena. Nimewatumia wenzangu uzi huu. Wawili wanataka kiti kitupu, wawili wanataka ya Busia, mmoja anasema atafuata atakayegawa. Tutapiga kura kabla ya karata ya kwanza, na aliyefilisika wa kwanza anagawa kama Jinja. Kizibo nimekipaka rangi upya.